Darmi na Miaka ya Kaunti

Siku Darmi alipogawa ng'ombe wake wote hakuwa mgonjwa. Lisemwe hilo mapema, maana pale Minjila liliulizwa mpaka likachosha. Hakuwa na homa wala kikohozi. Magoti yake yalimfikisha sokoni na kumrudisha nyumbani bila manung'uniko, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amekula ugali kwa maziwa ya mgando, akakomba bakuli kwa kidole. Aligawa ng'ombe kwa sababu miaka yake ilikuwa imekwisha, na aliyemwambia hivyo, kwa jinsi alivyosikia yeye, ni serikali.

Alikuwa mjane wa Kiorma, mrefu na mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea nyuma ya mifugo. Aliuza maziwa kwenye njia panda ya Minjila, pale ambapo magari ya Malindi, ya Lamu na ya Hola hupumzika kidogo kabla ya kuachana. Meza yake ilikuwa kipande cha mlango wa zamani juu ya mawe. Juu yake vilikaa vibuyu viwili vilivyofukizwa moshi, vya wale wanaojua utamu wa maziwa, na mtungi mmoja wa njano, wa wenye hoteli, ambao maziwa kwao ni kitu cha kubadilisha rangi ya chai.

Kando yake alikaa Bahiya, Mpokomo wa Kulesa, muuza ndizi, mnene, mwenye kicheko kilichosikika hadi kituo cha mafuta. Walikuwa wamekaa hivyo tangu wakiwa wake wachanga, isipokuwa ile miaka mibaya ambayo hakuna anayependa kuitaja sokoni, wafugaji walipobaki upande wao na wakulima upande wao, na njia panda ikabaki na mbuzi peke yao. Miaka hiyo ilipokwisha Darmi alirudi na vibuyu vyake, akamkuta Bahiya ameketi juu ya ule mlango wake.

"Hapo ni pangu," Darmi alisema.

"Najua. Nakuwekea."

Siku ile Darmi alikunywa ndizi na Bahiya akala maziwa, kama alivyopenda kusimulia Bahiya, akichanganya kwa makusudi ili mtu amcheke.

Basi mwaka huu, siku ambazo mvua bado haijaamua kama inakuja au haiji, chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule. Aliyekuja kuongea alikuwa msichana wa idara ya afya, Winfred, mtoto wa bara, mwenye sauti ya upole na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Minjila lilivimaliza kabla hajafungua mdomo. Aliongea mengi na aliongea vizuri. Alisema kwamba ukiwachukua Wakenya wote kwa pamoja, mtu anaishi miaka kadhaa, akaitaja. Kisha akasema kwamba mtu wa Tana River anaishi pungufu ya hapo, akaitaja nayo. Wazee wakatikisa vichwa polepole.

Hapo ndipo Darmi aliposimama. Hakusimama kwa hasira. Kivuli kilikuwa kimehama na maziwa yake yalikuwa yamebaki juani. Aliondoka na ile nambari kichwani. Maelezo yaliyofuata, ambayo ndiyo yaliyokuwa na uzito, yalibaki uwanjani na waliobaki.

Njiani alifikiri kama mtu yeyote wa Tana River angefikiri. Maisha yake yote alikuwa amezisikia nambari mbili za namna hiyo, ya taifa na ya kwao. Mahindi ya msaada yalikuja hivyo. Visima vilikuja hivyo, na walimu, na lami, na dawa ya kuogesha ng'ombe. Nambari ya kwao ndiyo ndogo siku zote, na siku zote hutangazwa na kijana mpole aliyetoka mbali. Kila kaunti na mgao wake. Sasa wamefika kwenye miaka. Hakushangaa hata kidogo. Kama alishangaa, ni kwamba wamechelewa sana kuigawa.

Kilichobaki ni kujua amekula kiasi gani. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama wenzake wote wa rika lake, kana kwamba wanawake wote wa delta walijifungua siku moja wakapumzika. Hakukiamini. Alihesabu kwa njia ya kwao. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba alizaliwa maji yalipopungua baada ya yale mafuriko makubwa ya kabla ya uhuru, wakati nyasi zilipomfika ng'ombe tumboni. Kutoka hapo alipanda polepole, ukame baada ya ukame, mafuriko baada ya mafuriko, kila kimoja na jina lake na mizoga yake, hadi akafika kwenye siku aliyokuwa amesimama. Akaiweka hesabu yake kando ya ile ya kaunti.

Alikuwa amepita. Tena alikuwa amepita zamani.

Hofu haikumshika, ila aibu. Alikuwa mtu asiyeweza kubaki na hata kikombe cha jirani usiku mmoja, na kumbe kwa miaka amekuwa akila mgao usio wake.

Kwa hiyo aligawa. Ng'ombe wawili walikuwa tayari malishoni huko delta pamoja na wa mwanawe Abdinur, akampigia simu kumwambia kuanzia sasa ni wake. Aliyebaki alikuwa Dalacha.

Dalacha kwa Kiorma ni rangi, ni ng'ombe wa majivumajivu, lakini kwa Darmi lilikuwa jina la mtu. Alikuwa amemzalisha kwa mikono yake mwaka wa njaa, akamlea ndani ya nyumba kama mtoto, na maziwa ya Dalacha ndiyo yaliyojaza vile vibuyu viwili. Darmi alimpeleka, yeye na ndama wake, hadi kwa Nasteha, mke wa Abdinur, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya kijito kikavu na binti yake mchanga, Kadra. Akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mbele ya watu wazima, akasema: "Huyu ni wa Nasteha. Maziwa yake yamkuze mtoto." Akaondoa mkono.

Kitu kilichotolewa namna hiyo hakirudi. Mtoaji akikidai amejifuta jina. Na anayepewa akikirudisha amekataa baraka ya aliyetoa, jambo baya kuliko kukataa ng'ombe. Watu waliokuwepo walijua hivyo. Nasteha, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, alimtazama mama mkwe wake akivuka kijito mikono mitupu, akasema tu, "Ahsante, mama," kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu cha moto.

Yakafuata maandalizi. Darmi alifua kila kitu. Aliitoa sanda sandukuni akaianika, akaikunja tena. Akaenda njia panda kuomba radhi.

"Nisamehe," alimwambia Bahiya.

"Nikusamehe nini?"

"Yote."

Bahiya alichagua ndizi moja iliyoiva, akaimenya bila haraka. "Yote haiwezekani, shoga. Ile ya mbuzi wako kula mahindi yangu nimesamehe. Ile ya kuniambia mbele ya watu kwamba gauni langu la Idi ni hema, hiyo naenda nayo."

"Mimi ndiye ninayekwenda."

"Unakwenda wapi?"

Darmi akamweleza habari ya mgao. Bahiya alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya baraza hakuhudhuria, alikuwa shambani akipanda mpunga ukingoni mwa mto, na mambo ya nambari hayakuwa yake. Lakini alimtazama mwenzake kuanzia utosini hadi kwenye nyayo kama mtu anayenunua mnyama.

"Mtu wa kufa hali ndizi zangu tatu kabla ya saa nne," alisema. "Umekula tatu. Nimekuona."

Darmi hakucheka. Alienda nyumbani, akalala chali, akangoja.

Mauti hayakuja. Ikaja mvua. Ilikuja mchana, bila radi, nzito, na kwa siku chache uwanda wa Garsen uligeuka ukawa kitu ambacho macho hayawezi kukiona yakabaki makavu. Nyasi zilichomoza hata kwenye nyayo za ng'ombe. Korongo walitua kwa makundi, vyura wakaimba kama watu waliofunguliwa jela, na harufu ya ardhi iliyolowa ikaingia ndani ya nyumba mpaka kwenye ile sanda. Darmi aliamka kila alfajiri akiwa na njaa. Hilo lilimtia wasiwasi. Alikuwa akitarajia kufifia, na kila siku alijikuta ana nguvu zaidi na hana la kuzifanyia.

Kila mtu alikuwa na maziwa isipokuwa yeye. Alikunywa chai ya rangi, mwanamke wa Kiorma, wakati wa nyasi, katika nyumba yenye vibuyu. Majirani wangempa, tena kwa furaha, lakini angewaambia nini? Alikuwa ameshawaaga.

Kulikuwa na njia moja ya heshima, na aliijua tangu utotoni. Aliyepungukiwa anaweza kwenda kwa jamaa mwenye ng'ombe akaazima mmoja wa maziwa. Ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Maziwa ni ya aliyeazima. Hakuna aibu ndani yake, nusu ya familia za delta zimeokoka ukame hivyo. Ila mwenye ng'ombe lazima aulize swali moja, na mwombaji lazima alijibu mbele yake: hadi lini? Hadi ndama aachishwe, hadi mvua ijayo, hadi mtoto aanze kutembea. Darmi aligeuza swali hilo kichwani mara nyingi. Mtu aliyemaliza miaka yake atasema hadi lini?

Dalacha, kwa upande wake, hakujua habari za kutolewa. Jioni ya kwanza alivuka kijito na ndama wake, akasimama mbele ya zizi la Darmi, akalia. Chuchu zilikuwa zimejaa mpaka zinadondosha. Darmi alitoka, akamtazama, mikono yake ikajikunja yenyewe kama inakama. Kumkama kungekuwa wizi. Akachukua fimbo akamrudisha.

"Amepotea njia," alimwambia Nasteha.

"Bahati mbaya," Nasteha alisema.

Jioni ya pili akapotea tena. Ya tatu pia. Ikawa kawaida ya kijiji: jua likielekea magharibi ng'ombe anavuka kwenda, na baada ya muda mfupi ng'ombe anavuka kurudi na mwanamke mrefu nyuma yake, na watoto wanawasalimu wote wawili.

"Mama, umeniletea tena ng'ombe wangu," Nasteha alimwambia siku moja, mtoto mgongoni, kibuyu mkononi.

"Huyu ng'ombe wako hana adabu. Mfunge."

"Nimemfunga. Alikata kamba."

"Tumia kamba nzuri."

"Ilikuwa nzuri, mama. Uliniletea wewe, siku ile ya ng'ombe." Nasteha alipiga magoti, akaanza kukama, na bila kuinua uso akaongeza: "Anapotea kila jioni, na kila jioni anapotea mahali pamoja. Huko anakopotelea kuna nini?"

Darmi aliangalia maziwa yakitoa povu ndani ya kibuyu. Alisema angechelewa kuswali, akaondoka.

Nasteha hakuwa na moyo mgumu. Usingizi ulimpungukia kwa ajili ya jambo hilo kuliko kwa ajili ya mtoto. Alikuwa amemwambia mumewe kwenye simu kwamba kila akinywa maziwa yale anasikia kama anamnywa mama mkwe wake. Lakini angefanya nini? Kumrudisha ng'ombe kungekuwa kumtupia mzee baraka yake usoni. Kupeleka maziwa alijaribu. Aliyakuta asubuhi mlangoni pake, kibuyu kimefungwa, yamepelekwa na kurudishwa. Mwenye kufungua fundo alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa amejilaza chali akingoja serikali ije kumchukua.

Wiki zikapita. Kisha gari la afya likarudi Minjila kwa ajili ya chanjo ya watoto, na Winfred akashuka, safari hii na mabuti.

Bahiya ndiye aliyekwenda kumtoa Darmi nyumbani.

"Yule msichana wako wa miaka amekuja. Nenda ukamuulize kwa nini anachelewa."

"Siendi."

"Basi nitamuuliza mimi, kwa sauti yangu."

Darmi alijua sauti ya Bahiya. Akavaa mtandio.

Walimkuta Winfred chini ya turubai akipima watoto uzito. Foleni ya akina mama ilikuwa ndefu, na Nasteha alikuwa ndani yake na Kadra, nyuma kidogo, mahali ambapo mtu husikia bila kuonekana anasikiliza. Darmi alisimama mbele ya meza, mnyoofu.

"Binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi naitwa Darmi. Miaka yangu imekwisha. Wewe mwenyewe ulisema. Mimi nimegawa mali, nimefua nguo, nimengoja. Hakuna mtu amekuja. Sasa nauliza, nangoja hapa, ama natakiwa kuja ofisini Hola?"

Winfred aliweka kalamu chini. Kwanza alidhani ni mzaha, akamtazama Bahiya, na Bahiya, kwa mara moja katika maisha yake, hakuwa akicheka.

"Mama, mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema taifa iko na miaka hii, Tana River iko na miaka ile kidogo. Mimi nimepita. Kama nimekula ya mtu, mtu huyo anisamehe. Ama kama kuna nafasi kaunti nyingine, zile za baridi, watu wanasema huko miaka ni mingi, niambie gari inatoka saa ngapi."

Foleni yote ilikuwa imegeuka kumtazama. Hata watoto.

Winfred alivuta kiti, akamkalisha Darmi, akakaa mwenyewe juu ya sanduku la dawa ili asiwe juu yake.

"Mama, unauza maziwa?"

"Niliuza."

"Tuseme wanawake kumi wa Minjila wanamimina maziwa yao ya asubuhi katika pipa moja. Mmoja ana ng'ombe wa ndoo nzima. Mwingine ng'ombe wake amekauka, ameleta tone. Halafu tunagawa lile pipa, kila mtu kikombe sawa. Kikombe hicho ni cha ng'ombe gani?"

"Si cha ng'ombe yeyote," Darmi alisema. "Ni cha pipa."

"Nambari yangu ni kikombe cha pipa. Haimwambii ng'ombe wako atoe kiasi gani. Haiwezi. Hakuna anayegawa miaka, mama. Sisi tunahesabu tu ile ambayo watu wamekwisha kuishi."

Darmi alikuwa mtu wa maziwa, na jambo la maziwa aliliona hadi chini.

"Basi kwa nini pipa yetu iko chini ya pipa ya taifa? Sisi wazee tuko. Bahiya yuko. Mama yangu alikufa hana jino hata moja."

Winfred alijibu kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya wale walioleta tone, mama. Watoto wachanga. Mama waliokufa wakijifungua, mto umejaa na hospitali ng'ambo. Mtoto akiishi wiki mbili, naye tunamwandika, naye anamimina alichonacho. Pipa linashuka."

Upepo uliinua pindo la turubai ukaliangusha. Darmi alitazama mikono yake. Alizaa watano. Mmoja aliondoka na homa mwaka wa mafuriko mengine, kabla hajapewa jina ambalo watu wangelizoea. Mwingine aliondoka akiwa ameanza kukaa, amejifunza kupiga makofi. Hakuwahi kusikia mtu wa serikali akiwataja. Hakudhani kuna mahali popote walipoandikwa.

"Wangu wawili," alisema. "Wamo humo?"

"Wamo, mama."

"Na ile miaka yao ambayo hawakuishi, nani alipewa?"

"Hakuna aliyepewa. Haiko popote. Ndiyo maana tunahesabu, ili tujue imepotea wapi." Kisha Winfred akasema, kwa haraka kidogo, kama mtu anayefungua dirisha: "Na aliyevuka pale, mama, aliyefika ulipofika wewe, huyo hafungwi na nambari hiyo kabisa. Yeye hesabu yake ni nyingine. Ana miaka mbele, tena mingi. Nilisema hayo yote siku ya baraza. Wewe ulikuwa umekwenda."

"Maziwa yalikuwa juani," Darmi alisema.

Bahiya alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka kikaenda hadi kituo cha mafuta, na foleni nzima ikakipokea, akina mama wakicheka huku wakijifuta macho kwa mitandio, na Winfred naye, na mwisho Darmi, kwanza kwa mabega tu, kisha kwa mwili mzima, mpaka ikabidi ashike meza. Alikuwa hajacheka tangu siku ya baraza. Ilikuwa kama kukohoa kitu kilichokwama.

Foleni ilisogea, na Nasteha akafika mbele. Kadra alitundikwa kwenye mzani, miguu inaning'inia, akatazama watu kwa dharau. Mshale ukashuka. Winfred akatabasamu.

"Huyu mnampa nini?"

"Maziwa ya bibi yake," Nasteha alijibu, akiangalia pembeni.

"Endeleeni. Pipa linapanda kwa watoto kama huyu. Limeanza kupanda, mama Darmi, polepole. Hilo nalo nililisema."

Darmi alimpokea mjukuu kutoka kwenye mzani. Alikuwa mzito, wa moto, na alinuka moshi wa kibuyu. Alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipokuwa amemshika aliwakumbuka wale wawili bila ule uzito wa siku zote, kama watu waliotajwa jina mbele ya kadamnasi na kuitikiwa.

Jioni hiyo hakungoja ng'ombe ampotelee. Alitoka mapema, mikono mitupu, hana fimbo, akavuka kijito ambacho sasa kilikuwa na maji ya kufika kifundoni. Katikati alikutana na Dalacha anakuja upande wa pili, ndama nyuma. Ng'ombe akasimama, akashangaa, akageuka akamfuata.

Nasteha alikuwa mlangoni. Alikuwa ametandika mkeka na kuweka chai ya maziwa, jambo ambalo mtu hufanya anapotarajia mgeni mwenye shughuli. Majirani wawili watatu walikuwa wamepita hapo kwa bahati, na Bahiya, ambaye kwao ni Kulesa na hakuwa na njia yoyote inayopita huko, alikuwa ameketi juu ya kinu.

"Karibu, mama."

Darmi aliketi. Aliuliza habari za nyumba, za mtoto, za mume huko malishoni, na mkwe wake akajibu kila moja, na hakuna aliyeharakisha. Kisha Darmi akanyoosha mgongo.

"Nasteha, nyumba yangu haina maziwa. Nimekuja kwa mtu mwenye ng'ombe. Naomba kuazima mmoja."

Nasteha aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo wake ulikuwa na ule utundu wake.

"Nina mmoja tu, mama. Wa majivumajivu. Hana adabu, anakata kamba."

"Nitavumilia."

"Ni wangu. Na ndama ni wangu."

"Ni wako mbele ya watu. Mimi ndiye niliyemtoa, namjua ni wa nani. Na kikombe cha kwanza kila siku ni cha Kadra."

"Basi lazima nikuulize." Nasteha alijifuta macho kwa mtandio. "Unamwazima hadi lini?"

Ndilo lile swali. Darmi alilitazama kama anavyotazama mto kabla ya kuvuka. Mbele yake uwanda ulikuwa kijani hadi mwisho wa macho, na Kadra alikuwa amejishikilia kwenye goti lake akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena.

"Huyu ndama ni jike," alisema.

"Ni jike."

"Atakua, atazaa. Atakachozaa nacho, Mungu akipenda, kitakuwa jike, kitakua, kitazaa. Siku hiyo Kadra atakuwa msichana wa kukama. Nitamfundisha mimi, maana wewe unavuta chuchu kama unafungua geti." Akamshika Kadra mkono. "Hadi hapo. Hapo nitakurudishia ng'ombe wako, kisha tutaongea upya."

Nasteha alihesabu vizazi kwa vidole, akacheka, akalia.

"Hiyo ni miaka mingi, mama."

"Ndiyo," Darmi alisema. "Ninayo."

"Na mimi nitaendelea kukaa juu ya ule mlango mpaka lini?" Bahiya aliuliza kutoka kwenye kinu. "Nimechoka kuwafukuza wauza miraa. Kesho njoo na vibuyu, na ile habari ya hema bado sijaisamehe."

Darmi alipotafuta kibuyu cha kukamia, Nasteha alikuwa tayari amekiweka mkononi mwake, kimefukizwa, kina joto. Lakini Dalacha hakuwa amesubiri mazungumzo yaishe. Alikuwa ameshashuka kijitoni na ndama wake, maji yakimchezea miguuni, anaelekea nyumbani, na Darmi akainua pindo la gauni lake akamfuata.